Jinsi ya kuchunguza mabadiliko ya dunia yanavyoathiri nchi kavu na maji baridi (na usikimbilie kulaumu joto)

Kama unataka kuingia kwenye utafiti wa namna dunia inavyobadilika na hayo mabadiliko yanavyoathiri misitu, udongo, mito na maziwa, kitu cha kwanza kabisa ni kukubali kwamba mabadiliko hayaji moja moja. Joto linapanda, mvua zinahama misimu, hewa ukaa inaongezeka angani, mbolea inatiririka mtoni, misitu inakatwa, mito inazibwa na mabwawa, samaki na magugu yanapelekwa sehemu ambazo si kwao, na vyote hivi vinatokea kipindi kimoja na mahali pamoja. Kwa hiyo ukienda ziwani ukakuta samaki wamepungua na joto limepanda, bado hujagundua kitu, umeona tu vitu viwili vimetokea pamoja. Kazi yenyewe ni kutenganisha sababu, na hiyo ndo hatua ambayo wengi wanaoanza wanairuka, wanaanza na jibu kichwani afu wanaenda kutafuta data za kulibeba.

Hata ripoti kubwa ya 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, ilisema wazi, kwa nchi kavu na maji baridi kilicholeta madhara makubwa zaidi tangu 1970 ni kubadilisha matumizi ya ardhi. Tabianchi imo kwenye orodha na nguvu yake inaongezeka, ila siyo namba moja. Sasa wewe ukiandika utafiti wa mto bila kuangalia huko juu mashamba yameongezeka kiasi gani, umeacha nje mshukiwa mkubwa kuliko wote.

Nitoe mifano miwili maana inafundisha kuliko maelezo marefu.

Wa kwanza ni wa maji kubadilika rangi. Kuanzia kama miaka ya 1980 na 1990 maziwa na vijito vingi vya kaskazini mwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini vilianza kuwa na maji ya rangi ya chai, kwa sababu kaboni ya mimea iliyooza ilikuwa inatoka kwenye udongo na kuingia majini kwa wingi kuliko zamani. Maelezo ya mwanzo yaliyopata umaarufu yalikuwa joto, yaani dunia inapata moto, udongo wa mboji unaoza haraka, kaboni inatoka. Inaingia akilini kabisa. Ila 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Don Monteith likaweka pamoja rekodi za mamia ya maziwa na vijito vya nchi mbalimbali na likaonesha kwamba kilichoeleza mabadiliko vizuri zaidi ni kupungua kwa salfa kwenye mvua, baada ya sheria za kudhibiti moshi wa viwanda. Mvua ya tindikali ilikuwa imeibana ile kaboni ardhini, tindikali ilipopungua ikaachia. Joto na mvua zina mchango wao, watu waliendelea kulichunguza hilo baadaye, ila kama wote wangeishia kwenye maelezo ya kwanza tungekuwa tunafundishana kitu ambacho ni nusu tu ya ukweli.

Wa pili unaenda upande wa pili kabisa, nao ni Ziwa Tanganyika. Samaki wadogo wa kule walipungua na maelezo ya haraka yalikuwa uvuvi umezidi, jambo ambalo kwa maziwa mengi ndo lenyewe. 2003 zikatoka tafiti mbili zikionesha kwamba maji ya juu yamepata joto, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini imeongezeka, kwa hiyo maji hayachanganyiki vizuri na virutubisho vinabaki vimelala chini. Sasa ni lipi, uvuvi au joto? Kundi la Andrew Cohen likaenda kwenye mashapo, yaani tope lililojipanga chini ya ziwa mwaka baada ya mwaka, wakahesabu mabaki ya samaki na ya konokono tabaka kwa tabaka, na matokeo yao ya 2016 yalionesha kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Hiyo haimaanishi uvuvi hauna hatia leo. Inamaanisha joto lilikuwa limeshaanza kazi kabla wavu mkubwa haujafika, na wasingelijua hilo bila kutafuta ushahidi wa kipindi ambacho sababu moja ilikuwepo na nyingine haijazaliwa.

Hicho kitu cha mwisho kishike sana. Karibu kila mbinu nitakayoitaja hapa chini ni njia ya kutafuta mahali, au kipindi, au jaribio, ambapo sababu moja ipo na nyingine haipo.

Swali liwe dogo

"Mabadiliko ya tabianchi yanaathirije mito" siyo swali la utafiti, ni jina la taaluma nzima. Swali linaloshikika lina kitu kimoja kinachobadilika, kitu kimoja kinachoitikia, mahali na muda. Mfano: je, maji ya vijito visivyo na miti kando yanafikia joto kubwa zaidi mchana kuliko vijito vyenye miti, na je wadudu wa chini ya mawe wanaopenda maji ya ubaridi wanapotea kwenye hivyo vya kwanza? Hapo tayari unajua upime nini na wapi.

Ukishapata swali, kaa chini uandike orodha ya maelezo yote mengine yanayoweza kutoa matokeo yale yale. Wadudu wanaweza kupotea kwa sababu ya joto, lakini pia kwa sababu ya udongo unaoingia mtoni ukaziba nafasi kati ya mawe, au dawa za shambani, au majani hayaangukii tena mtoni kwa hiyo chakula kimekosekana. Kwa kila sababu andika: kama hii ndo kweli, nitegemee kuona nini ambacho sababu zingine hazitatoa? Kama jibu ni "hamna tofauti" basi mpango wako bado haujakamilika, ongeza kipimo. Hii orodha iandike kabla hujagusa data hata moja, maana ukishaona matokeo akili inaanza kuyatetea yenyewe bila wewe kujua.

Anzia juu ya bonde, siyo ukingoni mwa maji

Watu wa misitu wanasoma misitu, watu wa samaki wanasoma samaki, na mi naona hapo ndo tunapoteza vitu vingi. Mto haujui mpaka huo. Chukua eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake yanaishia kwenye kijito au ziwa lako, hilo bonde lote ndo kitu chako cha kusoma. Kule Hubbard Brook, milima ya New Hampshire huko Marekani, kuanzia 1963 kina Gene Likens na Herbert Bormann walikuwa wanapima kinachoingia na mvua na kinachotoka na kijito, kwenye mabonde madogo ambayo mwamba wake wa chini haupitishi maji mengi, kwa hiyo hesabu inafunga. Majira ya baridi ya 1965 kuingia 1966 bonde moja likakatwa miti yote na jingine likaachwa, na naitreti, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini, kwenye kijito cha bonde lililokatwa ikapanda vibaya sana. Msitu ulikuwa unashikilia nitrojeni na hakuna aliyejua kwa kiasi gani mpaka walipouondoa. Na ni kwenye vipimo hivyo hivyo vya mvua ndo tatizo la mvua ya tindikali lilianza kuonekana wazi Amerika ya Kaskazini.

Kwa hiyo kabla hujashuka kwenye maji chora mpaka wa bonde kwenye ramani, programu ya QGIS ni ya bure na data za miinuko ya dunia nzima zipo bure, afu angalia ndani ya huo mpaka kuna nini: msitu, mashamba, makazi, barabara, mabwawa, migodi. Angalia na zamani palikuwaje.

Njia za kutenganisha sababu, na kila moja inapokudanganya

Njia ya kwanza ni rekodi ndefu. Vipimo vya hewa ukaa vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilianza 1958 vikiwa kwenye sehemu kama 315 kwa milioni na sasa vimevuka 420, bila hiyo rekodi tungekuwa bado tunabishana. Tarehe za ziwa Suwa kule Japani kuganda ziliandikwa na makuhani tangu 1443, na za mto Torne kule Finland barafu kuvunjika tangu 1693, watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya tabianchi ila waliandika kwa uaminifu. Kwa hiyo tafuta rekodi ambazo zipo tayari: vituo vya hali ya hewa, mamlaka za maji, daftari za wavuvi, makumbusho, hata picha za zamani zenye tarehe. Rekodi ndefu inakudanganya pale kifaa kilipobadilishwa, au kituo kilipohamishwa mita mia mbili, au mpimaji mpya alipoanza kupima saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, ukiona mruko wa ghafla kwenye grafu uliza kwanza nani alibadilisha nini mwaka huo. Na angalia mwaka wa kuanzia na wa kumalizia, ukianza na mwaka wa El Niño kubwa kama 1997 kuingia 1998 unaweza kupata mwelekeo ambao haupo.

Njia ya pili ni kulinganisha maeneo badala ya kusubiri miaka, mfano kupanda mlima, kwa wastani hewa inapoa kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mteremko mmoja unakupa hali za joto tofauti ndani ya siku moja. Ni njia nzuri na rahisi. Tatizo lake ni kwamba ukipanda, mvua inabadilika, udongo unabadilika, mionzi ya jua inabadilika, na watu wanapungua, kwa hiyo umelinganisha vitu vitano ukidhani umelinganisha kimoja. Dawa yake ni kutumia miteremko kadhaa, mmoja wenye mvua nyingi mwingine mkavu, ili joto na mvua visitembee pamoja kila mahali. Na kumbuka msitu wa chini umekuwa na maelfu ya miaka kuzoea joto lake, msitu wa juu ukipata hilo joto ndani ya miaka hamsini hautageuka kuwa ule wa chini hivi hivi.

Njia ya tatu ni jaribio, unabadilisha kitu kimoja wewe mwenyewe. Hapa mfano ambao sijawahi kuuchoka ni wa Ziwa 226 huko Ontario, Kanada. 1973 David Schindler na wenzake waliligawa ziwa zima kwa pazia katikati, pande zote mbili wakaweka kaboni na nitrojeni, upande mmoja wakaongeza na fosforasi. Ule wenye fosforasi ukageuka kijani kwa mwani, unaonekana hata kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, upande wa pili ukabaki kawaida. Kipindi hicho kulikuwa na ubishi mkubwa kama sabuni zenye fosfeti ndo zinaharibu maziwa, na majaribio ya kwenye chupa yalikuwa yanatoa majibu yanayogongana. Ziwa zima likamaliza sehemu kubwa ya ule ubishi.

Huhitaji ziwa. Kwa nchi kavu kuna vibanda vidogo vya plastiki angavu vilivyo wazi juu, mtandao wa watafiti wa ITEX umekuwa ukivitumia maeneo ya baridi ya dunia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, vinapandisha joto nyuzi 1 mpaka 3 bila umeme wowote. Kwa mvua watu wanajenga paa za vipande vipande zinazozuia sehemu ya mvua isifike chini, bati angavu za plastiki na mbao zinatosha. Kwa maji tumia matanki au madumu makubwa yenye maji na viumbe wa sehemu husika. Ila kibanda hicho kinapunguza na upepo, kinazuia wadudu, na theluji inarundikana ndani, na paa linaweka kivuli, kwa hiyo jenga na vibanda vya kulinganishia, mfano paa lile lile lakini lililogeuzwa mvua ipite, ili ujue kivuli peke yake kinafanya nini.

Na jaribio lipe muda. Pale Harvard Forest, Massachusetts, tangu 1991 Jerry Melillo na wenzake wamekuwa wakipasha udongo wa msitu joto kwa nyaya zilizofukiwa, nyuzi 5 juu ya udongo wa jirani. Miaka ya mwanzo kaboni ilitoka kwa kasi, ikafuata miaka mingi karibu imetulia, mtu angeondoka hapo angeandika kwamba udongo umezoea. Afu ikaanza kutoka tena, ikatulia tena. Majibu ya miaka mitano na ya miaka ishirini na sita ni majibu tofauti kabisa kwa swali lile lile, na ndo maana ukiandika matokeo ya jaribio fupi sema ni la muda gani kwenye sentensi ile ile ya matokeo.

Njia ya nne ni tope, kama lile la Tanganyika. Unazamisha mrija ziwani, unautoa na tope likiwa limejipanga ndani yake, unalikata vipande vya nusu sentimita au sentimita moja. Umri wa tabaka za juu unapimwa kwa risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu yake inaoza kila miaka 22 hivi kwa hiyo inakufikisha kama miaka 150 nyuma, na kuna alama ya seziamu, nayo ni ya mionzi, iliyotoka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia ambayo kilele chake ni 1963. Chavua inakwambia mimea ya nchi kavu, mkaa unakwambia moto, magamba ya diatomu, yaani mwani wadogo sana, yanakwambia hali ya maji, yaani nchi kavu na maji kwenye mrija mmoja. Gharama ya maabara ni kubwa, tafuta wa kushirikiana naye, ila usichimbe mahali ambapo tope limevurugwa na mkondo au nanga.

Ukiweza, tumia njia mbili kwenye swali moja. Zikikubaliana una kitu cha kusimamia, zikigongana una kitu cha kusisimua zaidi.

Data ambazo zinakusubiri bure

Hapa nitaenda haraka. Picha za satelaiti za Landsat zipo tangu 1972, na zile za mita 30 tangu 1982. Sentinel-2 zimeanza 2015, mita 10, zinafaa kwa vitu vidogo. Mvua ukitaka ya sehemu ambazo vituo ni vichache kuna CHIRPS kuanzia 1981, na hali ya hewa kwa ujumla ERA5 inarudi mpaka 1940. Kuna ramani ya maji ya juu ya ardhi ya dunia nzima ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, inaonesha wapi maji yalikuwepo na wapi yametoweka tangu 1984. Kumbukumbu za wapi kiumbe gani kilionekana ziko GBIF, hifadhi ya data ya dunia nzima, ila hizo zinafuata barabara na vyuo, sehemu isiyo na alama kwenye ramani siyo lazima haina kiumbe, inawezekana hakuna aliyeenda. Na mvua ya kwenye kompyuta ilinganishe na kipimo cha mvua cha kweli cha karibu na eneo lako kabla hujaiamini, milimani hasa inakosea sana.

Kupima, na hapa usifanye haraka

Sensa ndogo za joto zinazojirekodia zenyewe, wengi wanaziita loga, ndo kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake kwenye kazi hii yote. Kabla ya kuziweka zitumbukize zote pamoja kwenye ndoo ya barafu iliyosagwa na maji, koroga, acha kama saa moja, zote zinatakiwa kusoma karibu na sifuri, inayosoma 0.4 iandikie namba yake na tofauti yake. Rudia zoezi hilo siku ya kuzitoa, maana usomaji wake unateleza taratibu, na ukipima ongezeko la nusu nyuzi kwa miaka kadhaa loga iliyoteleza nusu nyuzi imekula matokeo yako yote. Mtoni ziweke ndani ya bomba jeupe la plastiki lenye matundu, jua lisipige sensa moja kwa moja, sehemu maji yanapotembea na hayatakauka, funga kwa waya kwenye jiwe kubwa au nondo iliyopigwa chini, na ziweke mbili maana mafuriko huwa yanachukua. Rekodi kila dakika 15 au 30. Weka na nyingine hewani kwenye kivuli, ukiona joto la maji limelingana ghafla na la hewa na linapanda mchana na kushuka usiku pamoja nalo, loga yako iko nje ya maji.

Oksijeni nayo. Maji ya nyuzi 0 yanaweza kushika kama miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 yanashika 9.1, ya nyuzi 30 kama 7.5, hiyo ni usawa wa bahari, ukipanda mlima inapungua zaidi. Ndo maana joto linambana samaki pande mbili, mwili wake unataka oksijeni zaidi na maji yana kidogo zaidi. Ila kiwango cha oksijeni mtoni kinapanda na kushuka siku nzima, mchana mimea na mwani wanatengeneza, usiku wote wanapumua, kwa hiyo cha chini kabisa kinakuja kabla jua halijachomoza. Anayepima saa saba mchana kwenye maji yenye mwani mwingi atakuta oksijeni nzuri kabisa na ataandika mto una afya wakati samaki walikuwa wanahema juu ya maji alfajiri. Acha kifaa usiku kucha, au nenda kabla hapajakucha. Ziwani shusha kifaa mita kwa mita, subiri namba itulie kila kina, andika joto na oksijeni pamoja. Utaona sehemu ambayo joto linashuka haraka na oksijeni inafuata, hapo ndo tabaka zinapoachana. Na usidharau tofauti ndogo ya joto kwenye maziwa ya nchi za joto, nyuzi moja kati ya 25 na 26 inabadilisha uzito wa maji mara nyingi zaidi kuliko nyuzi moja kati ya 4 na 5, kwa hiyo ongezeko dogo tu linatosha kuzuia maji yasichanganyike.

Uwazi wa maji unapimwa kwa sahani ya Secchi, sahani ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, unaishusha mpaka isionekane na kuandika kina, mbinu yenyewe ni ya 1865 na bado inafanya kazi, na kwa sababu imetumika muda mrefu hivyo namba zako zinalinganishika na za zamani. Pima upande wa kivuli wa mtumbwi, katikati ya mchana.

Kwa upande wa udongo kuna kipimo rahisi sana cha kuoza: unafukia vifuko vya chai ya kijani na vya rooibos, chai nyekundu ya Afrika Kusini, kwa kina cha sentimita 8, unavitoa baada ya siku 90 hivi, unakausha na kupima uzito. Ya kijani inaoza haraka, rooibos taratibu, na tofauti yao inakupa kasi ya kuoza na kiasi kinachobaki. Lazima iwe aina ile ile ya chai na kifuko kile kile wanachotumia wengine duniani, vinginevyo namba zako hazilinganishiki na za mtu. Mtoni fanya hivyo hivyo kwa majani makavu ya miti ya palepale kwenye mifuko ya wavu, mingine matundu makubwa wadudu waingie na mingine matundu madogo wasiingie, tofauti ya hiyo miwili inakuonesha mchango wa wadudu na wa vijidudu.

Kabla ya kuhama kutoka maji mamoja kwenda mengine sugua na kausha viatu, nyavu na mtumbwi. Kuna magonjwa ya vyura na mbegu za magugu vamizi yanayosafiri na vifaa, na mtafiti wa mabadiliko asiwe ndo chanzo cha badiliko. Vibali vya utafiti na vya kukusanya sampo viombe mapema, na watu wanaoishi hapo waelezwe kabla hawajakuona unapiga nondo mtoni kwao, wana kumbukumbu za mafuriko na ukame ambazo hazipo kwenye faili lolote. Majini usiende peke yako.

Hesabu

Kosa linaloua tafiti nyingi za aina hii lilipewa jina na Stuart Hurlbert mwaka 1984, ni marudio bandia. Ukichukua sampo thelathini kwenye ziwa moja lililopata joto na thelathini kwenye ziwa moja ambalo halijapata, huna sampo sitini, una maziwa mawili, na maziwa mawili yanatofautiana kwa mambo mia. Bora maziwa nane yenye sampo tatu tatu. Kama eneo lililobadilika ni moja tu, mfano bwawa moja linajengwa, pima kabla na baada, hapo na kwenye maeneo mengine yasiyoguswa, zaidi ya moja, afu uangalie kama eneo lako limeachana na wenzake baada ya tukio. Kwa maana hiyo lazima uanze kabla ya ujenzi, ukisikia mradi unakuja nenda kapime sasa hivi hata kwa loga mbili.

Tumia modeli za takwimu zinazojua kwamba sampo za ziwa moja au mwaka mmoja zinafanana, kwenye R, programu ya takwimu, zipo nyingi na za bure. Weka ndani ya modeli na zile sababu zingine ulizoziandika mwanzoni, na kama joto na mashamba vimepanda pamoja kiasi kwamba modeli haiwezi kuvitenganisha, sema hivyo. Hayo ni matokeo. Angalia pia kama athari za pamoja ni kubwa kuliko jumla ya moja moja, mfano joto na fosforasi kwa pamoja vinaweza kuleta mwani ambao kimoja peke yake kisingeleta.

Kuandika na kuhifadhi

Kwenye kuandika chagua kitenzi kwa uangalifu. Kama ulilinganisha maeneo, andika "inaambatana na". Kama ulifanya jaribio lenye marudio ya kweli, unaweza kuandika "imesababisha". Ile orodha ya maelezo mbadala iweke ndani ya ripoti yenyewe, moja moja, sema ipi umeiondoa na kwa ushahidi gani na ipi bado imesimama.

Data ziweke kwenye hazina ya wazi kama Zenodo, zipate namba ya kudumu, na ziambatane na faili la maelezo linalosema kila safu ni nini, kipimo gani, kifaa gani, saa ngapi, majira ya nchi gani. Weka na namba za ile ndoo ya barafu, za mwanzo na za mwisho. Weka viwianishi vya kila kituo pamoja na picha ya kituo kutoka pande mbili, kitu kisichohama kionekane, mwamba au kona ya daraja, maana GPS ya simu inakosea mita kadhaa na kwenye kijito mita hizo zinatosha kukutoa kwenye maji ya kina na kukupeleka kwenye maji mafupi yanayokwenda kasi juu ya mawe. Ripoti fupi ya kurasa mbili kwa lugha ya watu wa bonde hilo wapelekee wao kwanza, wakikwambia "mwaka ule unaosema maji yalipungua ndo mwaka waliofungua mfereji kule juu", rudi kwenye modeli yako uweke huo mfereji.